Presha uzeeni: maswali tunayoulizana kwenye benchi la kliniki

Nina miaka 71, mwalimu mstaafu. Presha yangu iligunduliwa miaka kumi na minne iliyopita nilipokwenda kung'oa jino. Daktari wa meno alipima, akakunja uso, akakataa kuling'oa siku ile. Tangu hapo nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki huku kusini mwa Tanzania: Newala, Masasi na Lindi mjini kwa binti yangu. Watu wanabadilika, maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu niliyopewa na wauguzi na matabibu, na machache niliyojifunza kwa mwili wangu. Kiasi cha dawa sikigusi, hicho ni cha anayekutibu.

## Mambo ya mwanzo

Zile namba mbili kwenye daftari zina maana gani?

Tuseme umeandikiwa 152/88. Namba ya kwanza ni msukumo wa damu kwenye mishipa wakati moyo unabana. Ya pili ni msukumo uliobaki wakati moyo umelegea kupokea damu nyingine. Ya kwanza ikifika 140 au zaidi, au ya pili ikifika 90 au zaidi, na ikarudi hivyo siku tofauti, hapo huambiwa una presha.

Kwa sisi wazee namba ya kwanza mara nyingi hupanda peke yake, kwa sababu mishipa mikubwa imekakamaa kama mpira wa baiskeli ulioachwa juani. Utaona 168/76. Mtu anasoma ile 76 anafurahi, anasema ya chini iko sawa. Hiyo 168 ndiyo inayopasua mishipa ya kichwa.

Mbona sisikii chochote?

Kwa sababu presha haisikiki. Kisogo kuuma, mapigo kwenda mbio, macho kuona giza, vyote vinaweza kuwa njaa, malaria, usingizi mchache au miwani iliyopitwa na wakati. Mimi siku ile ya jino nilikuwa na 190 juu, na asubuhi nilikuwa nimepalilia. Mwili huzoea, huku moyo, figo, macho na ubongo vikichakaa ndani kwa ndani. Ukisubiri usikie ndipo upime, unachokuja kusikia pengine ni kiharusi.

Yangu ni ya kupanda au ya kushuka?

Swali hili ndilo linalowaumiza wazee wengi huku kwetu, kwa hiyo nitalirefusha.

Vitu vitatu vimechanganywa kwenye jina moja la "presha ya kushuka". Cha kwanza ni lugha ya kliniki. Muuguzi anasema "ya chini imepanda", akimaanisha ile namba ya pili. Mzee anasikia "ya chini", anarudi nyumbani na kutangaza kwamba ana presha ya kushuka. Nimemwona mama mmoja aliyeishi na kosa hilo mwaka mzima, kila jioni akilamba chumvi ili "aipandishe". Kipimo chake kilikuwa 174/102.

Cha pili ni kile kizunguzungu cha kusimama ghafla. Umechuchumaa unapepeta mchele, unainuka, dunia inazunguka. Hapo presha imeshuka kweli, lakini kwa dakika chache, na humpata hata mwenye presha ya kupanda. Huletwa na dawa, kutokunywa maji, jua kali, au umri wenyewe. Kaa chini au lala, inua miguu, kunywa maji. Siku ya kliniki omba upimwe ukiwa umekaa au umelala, kisha ukiwa umesimama. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika tatu za kusimama, mtibu wako huenda akapunguza au kubadilisha dawa. Usiache dawa mwenyewe.

Cha tatu ni mtu mwenye 100/60 ambaye yuko hivyo tangu ujana na hana shida yoyote. Huyo muacheni.

Chumvi ya kulamba haitibu hata mmoja wa hawa watatu, na wa kwanza inaweza kumwangusha.

Si inaletwa na mawazo?

Mawazo yapo. Mjukuu hajarudi, bei ya mazao mnadani imeshuka, mwenye duka anadai. Ukipimwa siku hiyo namba itakuwa juu. Lakini mawazo yakiisha presha ya kudumu haiondoki nayo. Inatokana na mengi yaliyorundikana: umri, ukoo, chumvi, uzito, pombe, sigara, na ugoro pia. Bibi zetu wanaoweka ugoro hudhani kwa kuwa hakuna moshi hakuna madhara, lakini nikotini ni ileile na inabana mishipa vilevile.

Nasema haya kwa sababu neno "mawazo" limekuwa njia ya kukwepa kidonge: nikipumzika itashuka. Pumzika, na kidonge umeze.

Mbona babu zetu hawakuwa na presha?

Nani aliwapima? Mzee alianguka shambani, mdomo ukapinda, watu wakasema kapigwa na jini. Kweli pia walitembea zaidi yetu na hawakujua mafuta ya kukaangia kila siku. Yote mawili yawe kweli.

## Kupima

Kwa nini kila nikipimwa napata namba tofauti?

Presha hubadilika mchana kutwa, hilo ni la kawaida. Lakini tofauti nyingi zinatokana na upimaji. Umeshuka kwenye bodaboda, umepanda kilima, umesimama foleni saa mbili, unaitwa na kufungwa mkanda papo hapo: namba itakuwa ya uongo. Inatakiwa ukae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Usiongee. Uwe umekojoa. Nusu saa kabla usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara. Mkanda uvishwe kwenye ngozi, si juu ya shati la mikono mirefu. Mama mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo, namba hupanda bure.

Si utovu wa adabu kusema, "Mwanangu, naomba nipumzike kidogo kwanza." Nimesema hivyo mara nyingi na sijafukuzwa.

Wapo pia ambao wakiona koti jeupe tu moyo unaruka. Hao wanafaa kupimiwa nyumbani, angalia swali linalofuata.

Mtoto amenitumia mashine ya betri kutoka Dar. Niiamini?

Kama ni ya kufunga juu ya kiwiko, ndiyo, ukiipeleka kliniki kwanza ilinganishwe na yao. Za kufunga kwenye kifundo cha mkono hukosea kirahisi. Pima asubuhi kabla ya dawa na jioni, mara mbili kila kikao, uandike kwenye daftari, hata zile namba usizozipenda.

Usipime kila saa. Kuna mzee mwenzangu alikuwa anapima mara kumi kwa siku, kila akiona imeongezeka anaogopa, akiogopa inaongezeka. Wanawe waliificha mashine kwenye kapu la mihogo mikavu, namba zikatulia.

## Dawa

Nikianza, ndiyo mpaka kufa?

Kwa wengi wetu, ndiyo. Si kwamba dawa inakufanya mtumwa. Ugonjwa wenyewe haupoi, unashikiliwa tu. Kipimo kikisoma 128/78, hiyo ni kazi ya kidonge, kama jiwe lililozuia gari kwenye mteremko. Ukiliondoa kwa sababu gari limesimama, unajua kitakachofuata.

Wapo wanaopunguziwa, hasa waliopungua uzito, walioacha pombe, au wazee waliodhoofika. Lakini anayepunguza ni mtibu, hatua kwa hatua.

Lengo ni kushuka hadi ngapi?

Kwa wengi, chini ya 140/90. Mwenye kisukari, figo au aliyewahi kupata kiharusi anaweza kutakiwa ashuke zaidi. Mzee wa miaka 80 na kuendelea, au aliyekwisha dhoofu, mara nyingi huachwa afike chini ya 150 tu, kwa kuwa akishushwa mno anaanguka na kuvunjika nyonga.

Tangu nianze dawa nimevimba miguu. Mwenzangu anakohoa. Mwingine anakojoa usiku kucha. Ni dawa?

Inawezekana kabisa, na kila dawa ina tabia yake.

Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu, zaidi jioni. Haiui, ila inakera, na inaweza kupunguzwa au kubadilishwa. Lakini kama uvimbe umekuja na kuhema, au huwezi kulala bila mito miwili mitatu, usiulaumu mguu. Nenda haraka, huenda ni moyo.

Enalaprili na kaptoprili huleta kikohozi kikavu cha kutekenya koo kwa baadhi ya watu. Huku kwetu kinajificha vizuri: kikianza kati ya Mei na Julai tunakisingizia salfa, ule unga unaopuliziwa mikorosho. Kama salfa imeisha na wewe bado unakohoa, mwambie mtibu. Ipo losartani, ambayo kwa kawaida haina kikohozi hicho. Ila ukiona midomo au ulimi unavimba baada ya kumeza mojawapo ya dawa hizi, acha na ukimbie hospitali.

Dawa ya kukojoza maji inywe asubuhi, si usiku. Wengi wetu choo kiko nje, na gizani ndiko tunakoangukia.

Nimesahau kidonge. Nimeze viwili?

Hapana. Ukikumbuka siku ileile, meza. Ukikumbuka kesho, endelea na cha kesho. Mimi changu nakiweka karibu na mswaki.

Naweza kumgawia mume wangu dawa zangu, naye ana presha?

Hapana. Pengine figo zake au moyo wake haviitaki hiyo.

Magoti yananiua. Naruhusiwa diklofenaki?

Hapa ndipo wazee wengi tunapokosea bila kujua. Diklofenaki na aibuprofeni hupandisha presha, huzuia maji mwilini na huumiza figo, hasa ukizichanganya na dawa ya kukojoza pamoja na enalaprili au losartani. Ukiona presha haishuki na dawa unameza, jiulize unameza nini kingine. Panado ni salama zaidi kwa kiasi alichoelekeza mtibu. Dawa za mafua za kufungua pua nazo baadhi hupandisha presha, kwa hiyo dukani sema kwanza, "Nina presha," ndipo utaje unachotaka.

Kitunguu saumu, choya, mlonge, chuku?

Kitunguu saumu na choya vinaweza kushusha kidogo. Kidogo, si kutoka 180 kwenda 130. Kula na kunywa, bila kuongeza sukari kikombe kizima kwenye choya. Visichukue nafasi ya kidonge. Mitishamba ya kuchemsha ambayo muuzaji hataki kutaja majina yake, mimi siigusi. Figo zangu ni mbili tu na zina miaka 71. Kupiga chuku hakutibu presha, na kama unatumia aspirini utatoka damu zaidi ya ulivyotarajia.

Dawa zimeisha zahanati. Nifanye nini?

Usisubiri kidonge cha mwisho. Vikibaki vya siku saba, anza kuulizia. Uliza zahanati, kisha kituo cha afya, kisha duka la dawa, ukiwa na daftari au pakiti tupu mkononi ili usipewe jina jingine. Kuna kipindi niliambiwa "njoo wiki ijayo" mara tatu mfululizo. Wiki ya nne niliuza debe la mbaazi nikanunua. Amlodipini na dawa ya kukojoza ni miongoni mwa dawa za bei ndogo, na wakati mwingine nauli ya kufuata za bure inazidi bei yake. Piga hesabu kabla hujapanda gari.

## Chakula na vinywaji

Chumvi kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linasema isifike gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni ya kila kitu ulichokula kutwa. Sisi wa pwani ya kusini tumekulia kando ya mashamba ya chumvi, kijiko ni mzaha kwetu.

Papa mkavu, ng'onda na samaki wa kuchumvishwa ndio vigumu kuviacha. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, ndipo upike bila kuongeza chumvi. Dagaa vivyo hivyo. Ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, haina kosa, kosa ni ile chumvi ya kuchovya. Ichovye pilipili na ndimu.

Wengi hawajui kuhusu magadi. Magadi ya kulainishia kisamvu na mlenda yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Mke wangu aliacha chumvi kwenye mlenda akaongeza magadi, tukashangaa mbona kipimo hakisogei. Viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi navyo ni chumvi iliyovaa koti.

Korosho zinapandisha presha?

Zilizokaangwa bila chumvi, hapana. Ni chakula kizuri, ila zinanenepesha ukizila kwa bakuli. Za chumvi za kwenye vifuko waachie wasafiri.

Uraka, pombe ya mabibo, kidogo je?

Msimu wa mabibo ukifika hili swali linaulizwa kwa sauti ya chini. Pombe hupandisha presha, na hakuna kipimo cha kata unachoweza kuita dawa. Juu ya kidonge inaongeza kizunguzungu. Nipa, yaani gongo ya mabibo, ni mbaya zaidi kwa kuwa hujui ukali wake. Waliokunywa sana kwa miaka wasikatize ghafla bila kumwambia mtibu, wanaweza kutetemeka na kuchanganyikiwa.

## Gharama

Mzee si anatibiwa bure?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na msamaha wa malipo unawalenga wasio na uwezo. Ili upate unahitaji utambulisho: anzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha ustawi wa jamii wa halmashauri. Beba kitambulisho cha taifa na picha. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Kama hulioni, uliza kabla hujapanga foleni ya vijana.

Kumwona daktari bure hakumaanishi dawa ipo. Rudi kwenye swali la dawa zilizoisha.

## Hali za pekee

Ramadhani nifunge?

Wengi wenye presha iliyotulia hufunga salama. Kidonge cha mara moja kwa siku kinahamia daku au futari, saa ileile kila siku. Dawa ya kukojoza ina mjadala wake, kwa sababu mchana hunywi maji. Nenda kliniki wiki mbili kabla mwezi haujaandama, mpange pamoja. Aliyepata kiharusi karibuni, mwenye figo zilizochoka au anayejidunga insulini asijitose. Dini imemruhusu mzee asiyeweza kufunga ale mchana na atoe fidia kwa kulisha masikini. Futari yenyewe iangalie: sambusa na samaki wa chumvi kila jioni kwa siku thelathini si mchezo.

Tunahamia mashambani msimu wa korosho. Kliniki itakuwaje?

Sema mapema, uombe dawa za miezi miwili au mitatu. Ziweke kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na jua na mbali na salfa na viuatilifu vingine. Daftari la kliniki liende nawe, si libaki kwenye sanduku nyumbani.

Ninaharisha na kutapika, niendelee na dawa?

Mwili ukikauka, dawa ya kukojoza, enalaprili na losartani zinaweza kuumiza figo. Anza maji ya chumvichumvi yenye sukari (hapa chumvi inaruhusiwa) na uende kituoni siku hiyohiyo uulize zipi zisimame na kwa siku ngapi.

Tangu nimeze dawa nguvu za kiume zimepungua.

Huulizwa mwisho kabisa, mtu akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Presha yenyewe, kisukari na umri huchangia, na baadhi ya dawa pia. Mwambie mtibu, zipo mbadala. Usinunue vidonge au vinywaji vya mitaani vya kuongeza nguvu. Anayetumia dawa ya maumivu ya kifua inayowekwa chini ya ulimi akichanganya na vidonge hivyo, presha inaweza kuporomoka akafa.

Kipimo kimesoma 200/110, ila sina neno.

Kaa dakika kumi, pima tena. Kama ulisahau dawa, meza ya leo tu. Ikibaki 180 au zaidi juu, au 120 au zaidi chini, nenda kituoni siku hiyo. Kama kuna maumivu ya kifua, kuhema, kichwa kikali, kuchanganyikiwa au macho kufifia, hiyo ni dharura, usiku au mchana. Usimeze vidonge vitatu ili kuishusha upesi. Ikianguka ghafla ubongo unakosa damu.

Mzee mdomo umepinda, mkono umelegea. Tuanze kwa mganga?

Anzeni hospitali. Uso kupinda upande, mkono kushindwa kuinuka, maneno kukorogeka: ni kiharusi mpaka ithibitishwe vingine. Kumbukeni saa ilipoanza, daktari ataiuliza. Mlazeni ubavu, msimpe chakula, maji wala kidonge, na hasa msimwekee dawa ya presha chini ya ulimi. Hata dalili zikiisha baada ya robo saa, mpelekeni. Hilo ni onyo la kubwa linalokuja. Kwa Mtwara ipo Ligula na hospitali ya kanda iliyoko Mitengo, kwa Lindi ipo Sokoine, na kwa walio njiani zipo Ndanda na Nyangao. Anzeni na kilicho karibu, wao watawapa rufaa.

Anayetaka kumsomea dua amsomee, garini wakiwa njiani.

Bibi ana miaka 88, halali vizuri, anakataa vidonge vyote sita. Tumlazimishe?

Sita ni vingi. Pelekeni vyote kwenye mfuko mmoja, pamoja na vya duka na vya mitishamba, mumwombe daktari avipitie kimoja kimoja. Mara nyingi viwili vitatu vinaondoka, pengine kimoja kilikuwa cha kutibu madhara ya kingine. Kisha mwulizeni bibi mwenyewe kipi kinamsumbua. Mama yangu mkubwa alikuwa anatema kimoja tu kila asubuhi, tukadhani ni ukaidi wa uzee. Kilikuwa kikubwa, hakipiti kooni. Mfamasia alitupa kidogo chenye kazi ileile, akakimeza na chai.